Sauti Ni Pumzi: Tujifunze Kuwasikiliza Kuku na Wanyama Wetu



Ebu tuanzie somo letu jikoni. Ni sikukuu, wageni wako njiani, na jogoo amechinjwa. Shingo imekatwa kabisa, kichwa kiko kando. Mama anamwinua ili amtie katika maji moto, apate kumnyonyoa. Mkono wake unapobana kifua, jogoo analia, "Kwaa!" Watoto wanatoka mbio. Nyanya anasema jogoo huyu ana maneno. Wengine wanasema ni ishara mbaya, asiliwe.

Si ishara. Jogoo amekufa kabisa. Lakini chombo chake cha kutoa sauti hakiko juu kooni kama chetu. Kiko chini, ndani ya kifua, na kifua hicho bado kina hewa. Mkono ulipobana, hewa ilisukumwa ikapita penye chombo, nacho kikalia.

Jambo hili laonekana dogo, lakini lina faida kwa vikundi vyetu. Katika somo hili tutaona jinsi ndege na wanyama wanavyotoa sauti. Kisha tutaona jinsi mfugaji anayejua njia ya pumzi anavyoweza kuokoa mali yake, na hata maisha ya watu wa nyumbani mwake. Mmoja asome kwa sauti, na wengine wafanye majaribio.

SAUTI HUTENGENEZWA NAMNA GANI?

Sauti ya mnyama yahitaji vitu vitatu: hewa inayosukumwa, kitu chembamba kinachotikiswa na hewa hiyo, na uwazi ambamo sauti inapita na kupata umbo lake.

Jaribio la kwanza. Chukua jani refu la nyasi, ulikaze wima kati ya vidole gumba viwili, kisha upulize katikati. Jani litalia. Watoto wanaochunga mbuzi wanaujua mchezo huu sana. Ukilegeza jani, sauti inakuwa nzito. Ukilikaza, inakuwa nyembamba.

Jaribio la pili. Weka vidole kooni, juu ya kikoromeo, useme "aaa". Utasikia mtetemo. Sasa nong'ona tu. Mtetemo umekwisha. Ndani ya kikoromeo kuna nyuzi mbili za sauti, ambazo kwa kweli zafanana na midomo midogo miwili. Tunapopumua kimya zinaachana. Tunapozungumza zinakaribiana, na hewa ya mapafu inazitikisa. Kwa mwanamume zinatikisika kama mara 120 kwa sekunde moja, na kwa mwanamke kama mara 200. Ndiyo sababu mvulana akibalehe sauti yake huvunjika: nyuzi zake zimerefuka na kunenepa, basi zinatikisika polepole zaidi.

WANYAMA WENYE KIKOROMEO KAMA CHETU

Ng'ombe, mbuzi, mbwa, paka na punda wote wana kikoromeo juu ya bomba la hewa, mahali palepale pa chetu. Tofauti iko katika ukubwa wa nyuzi na namna ya kusukuma hewa. Msikilizeni punda anayewabebea maji. Mlio wake una sehemu mbili: ile ya juu anaitoa akivuta hewa ndani, na ile nzito akiitoa nje. Wanyama wengi hulia wakitoa pumzi tu. Punda hulia kwenda na kurudi.

Wenzetu wa Mutha, Kibwezi na Mtito Andei, mnaopakana na mbuga za Tsavo, mnamjua ndovu vizuri kuliko mnavyotaka. Nyuzi zake za sauti ni ndefu sana, basi zinatikisika polepole sana. Sikio la mtu haliwezi kusikia mtikisiko ulio chini ya mara 20 hivi kwa sekunde, na mngurumo wa ndovu unaweza kushuka chini ya hapo. Katika miaka ya 1980, watafiti Katy Payne na Joyce Poole waliinasa sauti hiyo kule Amboseli. Kwa hiyo ndovu wanaweza kuwa wanaitana kutoka mbali, na wewe uliye shambani ukadhani pako kimya. Kwa muda mrefu watu walijiuliza kama mnyama huyu anakaza misuli yake kila mara ili kutoa sauti hiyo, kama paka alivyodhaniwa kufanya anapokoroma kwa raha. Mwaka 2012 wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi Vienna, nchini Austria, walichukua kikoromeo cha ndovu aliyekufa, wakapitisha hewa ndani yake, nacho kikanguruma. Pumzi tu ilitosha. Hapo ndovu yuko sawa na mimi na wewe.

NDEGE: KIKOROMEO CHA CHINI

Ndege pia ana kikoromeo juu, lakini hicho kazi yake ni kufunga njia ya hewa anapomeza. Hakitoi sauti. Chombo cha sauti kiko pale bomba la hewa linapogawanyika mara mbili kuelekea pafu la kulia na la kushoto. Fikirini panda ya manati: mpini ni bomba la hewa linaloshuka kutoka shingoni, na pembe mbili ni njia za kwenda mapafuni. Hapo penye panda kuna ngozi nyembamba sana. Hewa ikipita, ngozi zinatikisika. Wataalamu hukiita chombo hicho sirinksi. Sisi tutakiita kikoromeo cha chini.

Kwa kuwa kiko penye panda, ndege kama chiriku anaweza kuutumia upande mmoja mbali na mwingine. Mtu hawezi kuimba sauti mbili kwa nyuzi zake kwa urahisi hivyo.

Tena chombo hiki husaidia kutambua dume na jike. Kwa kanga, jike ana mlio wenye sehemu mbili, anaourudiarudia. Dume hana mlio huo, yake ni sehemu moja tu. Bata wa kienyeji yule mwenye uso mwekundu, dume lake hutoa sauti ya kupuliza kama pumzi ya nyoka. Kikundi kinachonunua ndege wa kuanzia mradi kisikilize kwanza kabla ya kulipa.

KUKU HAPUMUI KAMA SISI

Hapa ndipo tunapoomba msikilize kwa makini. Sisi tuna msuli mpana chini ya mapafu, uitwao kiwambo, unaovuta hewa ndani. Kuku hana msuli huo. Yeye hupumua kwa kushusha na kuinua mfupa wa kidari. Mapafu yake ni madogo, yameshikamana na mbavu, lakini yameungana na mifuko ya hewa iliyotapakaa mwilini. Hewa mpya hupita mapafuni anapovuta pumzi na hata anapoitoa. Mmoja wa mifuko hiyo umekizunguka kile kikoromeo cha chini, nao ndio unaompa jogoo nguvu ya kuwika mpaka ng'ambo ya mto wasikie.

Kutokana na hayo tunapata mafunzo mawili.

La kwanza: kuku aliyebanwa kidari hawezi kupumua, hata kama pua na mdomo viko wazi. Mtoto anayekumbatia kifaranga kwa upendo anaweza kumuua mkononi. Kuku waliorundikwa katika tenga na kufungwa juu ya pikipiki au keria ya matatu kuelekea soko la Emali, wale wa chini hufa kwa kukosa pumzi, na lawama inapewa jua. Wapunguzeni katika tenga, kila mmoja aweze kuinua kifua chake.

La pili: moshi na hewa mbaya huwamaliza ndege upesi. Wachimba makaa wa Uingereza walikuwa wakishuka mgodini na ndege aitwaye kenari ndani ya kizimba. Ndege akianguka, watu wanatoka mbio, kwa maana hewa yenye sumu imeingia na zamu yao inafuata. Desturi hiyo ilikoma mwaka 1986, vifaa vya kupima hewa vilipochukua nafasi. Basi vifaranga wasilazwe katika chumba kilichofungwa chenye jiko la makaa. Hata ile harufu kali ya mavi mabichi inayochoma macho yako asubuhi unapofungua banda, jua imewachoma wao usiku kucha.

MILIO INA MAANA

Kuku hapigi kelele bure. Wachunguzi wamehesabu zaidi ya milio 20 ya kuku. Mama yeyote wa kijijini anaijua kadhaa bila shule: ule wa kuwaita vifaranga kwenye chakula, ule wa kutaka kutaga, na ule wa hatari. Tena hatari ni za namna mbili. Mwewe akionekana angani, jogoo hutoa mlio mwembamba mrefu, na kuku wote wanajikunyata au kukimbilia chini ya kichaka. Nguchiro au mbwa akija kwa miguu, mlio ni wa kukatakata, na kuku husimama wima wakitazama. Ukijua tofauti, unajua kama utoke na jiwe au utazame juu.

Jirani zetu tumbili hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1980 watafiti Seyfarth, Cheney na Marler walitangaza waliyoyaona Amboseli. Walinasa milio ya tumbili, kisha wakaicheza kwa kifaa wakati hakuna adui yeyote. Kwa mlio wa chui, tumbili walipanda mitini. Kwa mlio wa tai, walitazama juu. Kwa mlio wa nyoka, walisimama kwa miguu ya nyuma na kutazama nyasini. Watoto wa tumbili hukosea kwanza, wakapiga kelele ya tai kwa ndege asiye na madhara, lakini hujifunza.

Je, nyuki? Nyuki hana koo wala mapafu. Mvumo wake watoka kwenye misuli ya mbawa, inayotikisika haraka sana. Hata hivyo ndovu anaielewa. Mwaka 2007 Lucy King na wenzake walionyesha kwamba ndovu wa Kenya wakichezewa sauti ya nyuki waliochokozwa, wengi wao huondoka upesi. Kutokana na hilo yametokea maua ya mizinga iliyotundikwa kwa waya kuzunguka mashamba, kama kule Sagalla, Taita Taveta. Basi wafugaji nyuki wa Mwingi na Mutomo wanajua tayari: mzinga una sauti ya amani na sauti ya hasira, na mtu mwenye akili husikiliza kabla ya kufunua.

KUSIKILIZA USIKU

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe. Kama sauti ni pumzi inayopita njiani, basi njia ikiharibika, sauti itabadilika. Mara nyingi itabadilika kabla wewe hujaona kitu kwa macho.

Mwenzetu mmoja tunayefanya naye kazi ametuomba tuyaandike yaliyompata, ili wengine wasirudie. Alikuwa na kuku wa kienyeji wa kutosha karo ya muhula mmoja. Usiku mmoja alisikia bandani "krr, krr", kama mtu anayekoroma. Akasema ni baridi. Siku ya pili akawapa maji ya mshubiri na pilipili. Siku ya tatu wawili walikuwa wamekufa, na mavi yalikuwa ya kijani. Hapo akaogopa hasara. Aliwakamata wale walioonekana wazima, akawauzia majirani wa kikundi chake mwenyewe kwa bei ya chini. Wiki mbili baadaye hapakusikika jogoo akiwika katika boma hata moja kando ya kijito hicho. Anasema kupoteza kuku kulimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kule kuamka alfajiri na kusikia kimya, akijua ni yeye aliyekileta.

Ule ulikuwa ugonjwa wa kideri, ambao wengi tunauita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza. Huletwa na virusi. Hushambulia njia ya hewa, matumbo na mishipa ya fahamu. Kuku hukoroma, hukohoa, hufungua mdomo akitafuta hewa, huharisha kijani, na wengine hupinda shingo. Katika kundi lisilochanjwa unaweza kuua karibu wote. Hauna tiba. Hatudharau dawa za miti wala za dukani, lakini hakuna inayoua virusi hivi mwilini mwa kuku. Kinga yake ni chanjo, na chanjo ni rahisi: tone moja jichoni. Yatolewa kuku wakiwa wazima, na kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4 kama afisa wa mifugo atakavyowaelekeza. Chupa moja yatosha kuku wengi, na ikifunguliwa haiwekwi akiba. Ndiyo sababu kazi hii inafaa mwethya: mkinunua pamoja na kuchanja siku moja kijiji kizima, gharama ya kila mmoja ni ndogo sana.

Kukoroma si kideri kila wakati. Mafua ya kuku huvimbisha uso na kutoa makamasi yenye harufu. Kuna pia minyoo myekundu inayokaa ndani ya bomba la hewa, na kifaranga hupiga miayo kama anayekabwa. Hizi zina dawa, na ndiyo sababu inafaa kumwita mtaalamu mapema badala ya kubahatisha.

Fanyeni hivi. Mara mbili kwa wiki, kuku wakishalala, nenda bandani bila tochi na bila maneno. Simama kwa muda mfupi usikilize. Kuku mzima hupumua bila kusikika. Ukisikia kukoroma, kupiga chafya au kukohoa, mtenge huyo asubuhi, usimpeleke sokoni, usimpe mtu zawadi, na uwaambie majirani siku hiyo hiyo. Wanaokufa wazikwe shimo refu au wachomwe.

SAUTI ILIYOKAUKA: HATARI KWA WATU

Tumeliacha la mwisho lile lililo zito. Kichaa cha mbwa hupooza misuli ya koo na kikoromeo. Mbwa anayebweka kwa sauti ngeni iliyokauka, anayedondosha mate na kushindwa kumeza, ni wa kuogopwa. Ng'ombe naye hulia mara kwa mara kwa sauti iliyokwaruza, mate yakimtoka, na mwenyewe husema, "Amekwamwa na kitu kooni." Kisha anatia mkono mdomoni atafute mfupa au gunzi la mahindi. Mate yale ndiyo yenye ugonjwa, na mkwaruzo mdogo mkononi watosha kuupitisha.

Tafadhali, msitie mkono. Mfungeni mnyama mahali peke yake kama mnaweza kufanya hivyo bila kumkaribia, mwiteni daktari wa mifugo, na nyama yake isiliwe wala maziwa yasinywewe. Mtu aliyeumwa au kuguswa na mate penye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe chanjo. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Serikali ilitoa mpango wa mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na Makueni na Kitui zilikuwa miongoni mwa kaunti za kuanzia. Mpango huo hauwezi kufaulu kama mbwa wetu watabaki nyumbani siku ya chanjo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni sauti gani za kuku ambazo wazee wetu waliweza kuzitambua? Mwombeni mmoja aziige.
2. Kuku wetu huenda sokoni namna gani? Tunaweza kubadilisha nini ili wapumue?
3. Kuku wa mtu akianza kukoroma, ni nini kinachomzuia kuwaambia jirani? Kikundi kinaweza kumsaidiaje ili asilazimike kuuza?
4. Nani kati yetu atashika kalenda ya chanjo ya kuku, na nani atawakumbusha watu siku ya kuchanja mbwa?

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja akasikilize banda lake usiku mmoja, aje atuambie alichosikia.